Kompyuta gani kwa chumba chetu cha muziki?

Maneno ya komite ya muziki mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Baraka

 

Katika mkutano uliopita mlitutuma sisi watu watano wa komite ya muziki tutafute jibu la swali moja: ile feza iliyo kwenye kasha, tukiunganisha na ahadi ya mfadhili wetu, inunue kompyuta ya aina gani? Mnakumbuka kelele iliyotokea. Vijana walitaka Windows, kwa sababu FL Studio ndiyo waliyojifunza kambini. Mfadhili, kwa moyo mzuri kabisa, alisema anaweza kutuletea Mac moja. Na kati yetu kuna ndugu mmoja anayehubiri Linux kila mahali, hata kwenye matanga. Tumewasikiliza wote. Tumeuliza mafundi wa hapa na wa Uvira, tumejaribu mashini tulizoweza kuazima, na leo tunarudisha jibu.

Tuanze na kazi yenyewe. Hatutafuti studio ya mjini. Tuko na chumba kimoja katika nyumba ya mwanachama, chenye mikeka na mablanketi ukutani ili sauti isirukeruke. Tuko na gitaa mbili, kinanda kimoja na ngoma. Tunataka kurekodi vitu viwili. Cha kwanza ni nyimbo za korali zilizotungwa Nyarugusu, ambazo watoto waliozaliwa huku hawazijui. Cha pili ni nyimbo za mama zetu na bibi zetu: za kulima, za kubembeleza mtoto, za kuaga wafu. Hizo hazikuandikwa popote. Zinakaa kwa watu, na watu wanatutoka. Tangu turudi tumezika wengi waliokuwa wakianzisha wimbo, na sisi tulizoea kuitikia tu. Sasa kuna nyimbo ambazo tuko na kiitikio chake bila mwanzo wake.

Halafu kuna habari ya ile diski. Wengi mnaifahamu. Kijana mmoja alivuka ziwa nayo akiwa ameifunga ndani ya nguo, na ndani yake kulikuwa na nyimbo za korali zilizorekodiwa kambini. Tulipoichomeka hapa tuliona mafaili, majina ya nyimbo yanasomeka vizuri, lakini sauti hakuna. Fundi alitueleza. Faili la kazi la programu nyingi za muziki halibebi sauti ndani yake. Linabeba maagizo tu: chukua sauti ya waimbaji kutoka folda ile, iweke hapa, ipunguze pale. Folda yenye sauti ilibaki kwenye kompyuta ya kambini, na kompyuta hiyo ilishakufa. Tuko na ramani ya nyumba iliyobomoka.

Ndiyo sababu, kila tulipoambiwa sifa za mashini fulani, tuliuliza neno moja: nyimbo zetu zitafunguka wapi siku mashini hii ikifa? Maana itakufa. Hapa joto, vumbi, na umeme unaopanda na kushuka, hakuna mashini inayozeeka kwa raha.

Tuseme kweli juu ya Mac, maana kuna wanaodhani tunaikataa kwa wivu. Upande wa sauti, ndiyo iliyotulia kuliko zote. Njia yake ya sauti inayoitwa Core Audio imejengwa ndani ya mfumo wenyewe. Unachomeka kisanduku cha mikro na mara nyingi kinafanya kazi bila kutafuta draiva. GarageBand inatoka bure, Apple wanaitoa tangu 2004, na mtoto anaweza kurekodi wimbo siku ya kwanza. MacBook Air zilizotoka mwisho wa 2020 zikiwa na chipu ya M1 hazina feni kabisa. Hakuna mvumo unaoingia kwenye mikro, hakuna vumbi linalovutwa ndani. Na chaji yake ni ya wati 30. Kwa watu wanaoishi kwa sola kama sisi, wati 30 ni neno tamu.

Kisha inakuja siku ya kuharibika. Katika MacBook Air ya namna hiyo, memori na diski vyote vimelehemiwa ndani. Hauwezi kuongeza memori. Hauwezi kutoa diski na kuiweka kwenye mashini nyingine ili uokoe nyimbo. Mafundi wetu wa sokoni wamefufua laptop nyingi ambazo sisi tulishazililia, lakini tulipowauliza juu ya Mac, wote walitoa jibu moja: peleka mbali. Mbali ni wapi, na kwa barabara gani? Tena Logic Pro, ile programu kubwa ambayo watu wa Mac wanaisifu, inauzwa karibu dola 200 na haifunguki kwenye Windows, tangu Apple walipoinunua kampuni ya Kijerumani iliyoitwa Emagic mwaka 2002. Maktaba yake ya sauti ni gigabaiti nyingi sana. Kwa bei ya mega tunazonunua hapa, kuipakua yote kungekula kotizasyo za mwezi.

Windows ni mfumo wa watu wengi. Hapa, Uvira, hata Kigoma ng'ambo, ukisema kompyuta mtu anafikiria Windows. Ikikwama, kuna jirani wa kuuliza. Vipuri viko. Vijana wanaijua tayari. Hiyo si faida ndogo, na wale wanaoandika sifa za mashini huko Ulaya hawaihesabu, kwa sababu kwao fundi yuko kila kona.

Ubaya wake wa kwanza ni kuchelewa kwa sauti. Tufafanue, maana neno hili lilisumbua mkutano uliopita. Mtu akiimba kwenye mikro, sauti inaingia kwenye kompyuta, inakusanywa kidogo, inashughulikiwa, inarudi kwenye hedifoni. Safari hiyo inapimwa kwa milisekunde. Sauti hewani inatembea kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 10 ni kama kumsikia mwenzako aliyesimama mita 3 na nusu kutoka kwako. Hiyo korali inavumilia kila Jumapili. Lakini Windows ikiachwa na njia yake ya kawaida inaweza kuchelewa milisekunde 50 au zaidi, yaani mwenzako amesimama mita 17, ng'ambo ya uwanja. Mpiga gitaa anapotea. Dawa yake ni ASIO, njia ambayo kampuni ya Steinberg ya Ujerumani iliitengeneza miaka ya 1990 ili sauti ipite bila kuzunguka. Visanduku vizuri vya mikro vinakuja na draiva yao ya ASIO, na kwa vile visivyo nayo kuna ASIO4ALL ambayo ni ya bure.

Kuna na dawa nyingine ambayo tunaipenda zaidi, kwa sababu haijali mfumo wowote. Visanduku vingi vya mikro viko na kitufe cha kumsikilizisha mwimbaji sauti yake moja kwa moja, kabla haijaingia kwenye kompyuta. Ukikibonyeza, ule mzunguko haupo tena kwa mwimbaji. Kwa sisi ambao tunarekodi zaidi midomo ya watu, gitaa na ngoma, ile sifa kubwa ya Mac inapungua sana hapo. Ingekuwa tunapiga vinanda vya ndani ya kompyuta saa zote, tungesema vingine.

Ubaya wa pili wa Windows tunauleta wenyewe. Ni flashi zinazotembea mkono kwa mkono, na programu zenye ufunguo wa wizi. Vijana, msituchukie. FL Studio ni programu nzuri, Wabelgiji wameifanyia kazi tangu miaka ya 1990, na mtu akiinunua mara moja anapata matoleo mapya yote bila kulipa tena. Lakini ile inayozunguka hapa kwenye flashi haikununuliwa na mtu, na mara nyingi mlango uliovunjwa unaingiza na mgeni mwingine. Na ile ya majaribio inakuruhusu kuhifadhi kazi, ila ukiifunga hauwezi kuifungua tena mpaka ulipe. Chama kinachopokea feza za wafadhili na kuandika kila falanga kwenye kitabu hakiwezi kujenga maktaba ya nyimbo za wazee juu ya kitu cha wizi.

Ubaya wa tatu ni wa majuzi. Microsoft waliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi kompyuta nyingi za zamani. Basi huko Ulaya na Marekani watu na maofisi wanatoa laptop zao, na nyingi zitafika sokoni kwetu kwa bei nzuri. Tafadhali shikeni hili kabla ya kutoa feza: tazameni namba ya Intel. Ikiwa i5-7200U, ile 7 ya mwanzo inasema ni kizazi cha 7, na Windows 11 haiitaki. Ikiwa i5-8250U, ni kizazi cha 8, inakubalika. Tofauti ni tarakimu moja, na muuzaji hatakuambia.

Sasa Linux, na ndugu yetu asinune kwa sababu tunamfupisha. Haiuzwi. Virusi vya zile flashi haviitishi. Kuna Ubuntu Studio, ambayo imekusanya programu za muziki mahali pamoja: Ardour ya kurekodi, Hydrogen ya ngoma, LMMS ya kutunga, Audacity ya kukata na kusafisha. Inaweza kukaa kwenye laptop ile ambayo Windows 11 imeikataa na kuipa miaka mingine. Tulijaribu, na kisanduku cha mikro kiliitika bila draiva. Lakini hapa Baraka tumehesabu watu wanaoijua vizuri, na hesabu iliishia kwa ndugu yetu mwenyewe. Akisafiri kwenda Kigoma kumwona mama yake, nani atatufungulia? Kuweka nyimbo zote mikononi mwa mtu mmoja ndiyo hatari ileile ya diski, ila imevaa koti lingine.

Basi tulikuwa tumekwama hapo, kila mfumo na kilema chake, mpaka tulipogeuza swali. Badala ya kuchagua mashini halafu programu yake, tukachagua kwanza programu inayovuka mipaka. Tumeipata: inaitwa Reaper. Inafanya kazi kwenye Windows, kwenye Mac na kwenye Linux, na kazi iliyoanzwa kwenye mmoja inafunguka kwenye mwingine, mradi folda ya sauti isafiri nayo. Kuipakua ni megabaiti chache tu, mtu anaweza kuichukua kwa simu. Inajaribiwa siku 60 bila kufungwa chochote. Baada ya hapo, mtu binafsi na chama kisichotafuta faida kama chetu wanalipa bei ya chini, dola 60. Sura yake si nzuri, tunakubali. Vijana walicheka walipoiona. Lakini iko na vichujio vyake vya ndani vya kutosha kusafisha sauti. Tumeamua tusitumie vya kuongeza kutoka nje, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyokwama ukihama mashini.

Kwa hiyo mapendekezo yetu ni haya. Tununue laptop moja iliyotumika, ya aina zile za kiofisi. Tumeipenda ThinkPad T480 ya mwaka 2018. Ni kizazi cha 8, memori yake inaongezwa kwa bisibisi, diski yake inatoka, na iko na batri mbili: moja ndani, nyingine nyuma, ambayo unaweza kuitoa na kuweka nyingine bila kuzima mashini. Inakubali chaji ya USB-C, kwa hiyo inaweza kuchajiwa kutoka batri ya sola ya volti 12 kwa adapta ya gari yenye nguvu ya kutosha, bila kupitia kigeuzi cha umeme kinachokula njiani. Tuweke Windows 11 na Reaper. Ile laptop ya zamani iliyo kwa katibu tuipe Ubuntu Studio na Reaper hiyohiyo. Ndugu yetu wa Linux atafundisha vijana wawili juu yake, na kila mwezi tutafungua wimbo mmoja wa mashini kubwa kwenye ile ndogo kuona kama kweli unafunguka. Kompyuta kubwa ya mezani tumeikataa bila mjadala mrefu. Inataka umeme usiokatika, na haibebeki. Sisi wote tuliomo humu tunajua kwamba kuna siku mtu anapata dakika chache za kuchagua kitakachoingia kwenye mkoba.

Juu ya umeme, jambo dogo lakini la lazima: tutarekodi kwa batri peke yake. Jenereta ya jirani inaingia kwenye mikro hata ukifunga mlango, na laptop ikiwa kwenye chaji inaweza kuleta mvumo kwenye gitaa la umeme. Tuchaji mchana jua likiwa kali, turekodi alfajiri. Mama wa korali wanasema alfajiri sauti bado zimelala, tutaona.

Sasa tunageukia mfadhili wetu, na wengine wenye nia kama yake. Tunasema kwa adabu na kwa shukrani. Kama Mac iko tayari mkononi na haina kazi, ilete, tutaitumia, kwa sababu Reaper itafunguka humo pia. Tunaomba tu uondoe akaunti yako ya Apple kabla ya kuifunga kwenye karatasi. Mac yenye akaunti ya mwenyewe wa kwanza inajifunga, na huku hatutakuwa na namna ya kuifungua. Lakini kama bado ni feza, tafadhali usinunue Mac. Kwa bei yake tunapata ile laptop iliyotumika na vitu vinavyokosekana kweli. Tunahitaji kisanduku cha mikro chenye njia mbili, aina ya Focusrite Scarlett 2i2 au mfano wake. Tunahitaji mikro mbili ngumu za aina ya Shure SM58, ambazo zimekuwepo tangu 1966, hazihitaji umeme wa kisanduku na zinavumilia kuanguka. Zinunuliwe kwenye duka la kuaminika, za bandia ni nyingi. Hedifoni mbili za kufunika masikio. Diski mbili za nje. Mikro nzuri kwenye laptop ya kawaida itaokoa sauti ya bibi; mikro mbaya kwenye Mac mpya itarekodi ubaya wake vizuri sana.

Wanachama wengine mlituuliza kwa ajili ya nyumbani kwenu: sisi tulio na simu tu, tufanye nini? Msingoje kompyuta. Simu iliyowekwa mita moja kutoka kwa mwimbaji, juu ya kitambaa, katika chumba chenye mablanketi, ndege mode ikiwa imewashwa ili isilie katikati, inatosha kushika wimbo wa mzee leo. Kama programu ya simu inakupa kuchagua WAV, chagua WAV. Leteni hapa, tutasafisha. Mwenye bibi mgonjwa asisubiri uamuzi wa mkutano.

Linabaki jambo la kutunza, na hapa hatutaki kura, tunaomba iwe sheria. Kila wimbo ukimalizika, tutatoa kila sauti peke yake katika faili la WAV, zote zikianzia sekunde 0, pamoja na karatasi yenye jina la mwimbaji, lugha, kijiji na siku. WAV inafunguka kwenye Windows, Mac, Linux, na kwenye simu nyingi. Mtu wa kesho hatahitaji Reaper wala sisi. Ataziweka pamoja tangu mwanzo, zitaimba. Hesabu yake si ya kutisha: sauti moja kwa dakika moja ni karibu megabaiti 9 katika kipimo tunachotumia, kwa hiyo wimbo wa dakika 5 wenye sauti 8 ni kama megabaiti 350. Nyimbo 100 ni gigabaiti 35, zinaingia kwenye diski ndogo na nafasi inabaki. Diski moja itakaa kwenye kasha la chama. Ya pili itavuka ziwa na kukaa kwa wenzetu wa Kigoma, na kila mtu wetu anayesafiri atabeba nyongeza. Karatasi za majina nazo zitapigwa picha ziende pamoja.

Ruhusa pia. Nyimbo za kuaga wafu si za kuweka popote. Mwenye wimbo atasema mwenyewe kama usikilizwe na wote, na familia tu, au ukae kimya kwenye diski mpaka wajukuu wauulize. Tutaandika jibu lake kwenye karatasi hiyohiyo.

Feza iliyoko inatosha laptop na leseni ya Reaper, haitoshi mikro na diski. Mama mtunza kasha ako na kitabu pale mlangoni kwa wenye kuongeza. Mzee mwenye nyumba amekubali chumba kwa mwaka mmoja bila malipo, ila anaomba viatu vibaki nje. Na mama watatu wameshajiandikisha kuwa wa kwanza kuimba. Wa kwanza kabisa anazo nyimbo za kulima ambazo mwanzo wake sisi tumesahau. Tuko tayari kwa maswali yenu.